Mashine kubwa kuliko boti, kurekebisha uliyonayo, au kubadili boti? Ulinganisho kwa watu wa Mtera, Hombolo na Singidani

Upepo wa Juni ukishaanza kukaza, swali moja hurudi mwaloni kwenye bwawa la Mtera: boti yangu ni ya mashine ya nguvu farasi 15, nikiifunga mashine ya 25 kuna ubaya gani? Anayeuliza hivyo hafanyi mchezo. Ametega nyavu zake ng'ambo, asubuhi anakwenda vizuri, mchana anarudi huku mawimbi yakimpiga usoni, perege wameanza kulegea kwa jua na gari la Dodoma linapiga honi barabarani. Anataka kufika. Na dukani ameshaambiwa kwamba akiongeza kidogo tu anaondoka na mashine kubwa.

Mimi nanunua samaki Mtera na kuwapeleka mjini Dodoma, na boti moja ninaimiliki nusu kwa nusu na binamu yangu. Kati ya njia tatu ninazolinganisha hapa, mbili tumezipitia wenyewe na ya tatu nimeifuatilia kwa jirani yetu tangu ubao wa kwanza. Njia ya kwanza ni kufunga mashine inayozidi kiwango cha boti. Ya pili ni kubaki na mashine ya kiwango na kuitengeneza itoe yote iliyo nayo. Ya tatu ni kubadili boti yenyewe ili kiwango kipande.

Tunapima nini

Nimezipima zote tatu kwa mambo yaleyale matano. La kwanza ni mwendo na mzigo: utafika mapema kweli, na ukiwa umebeba kiasi gani? La pili ni mwili wa boti, hasa ubao wa nyuma unaoshika mashine. La tatu ni uendeshaji na usalama. La nne ni mafuta na fedha. La tano ni karatasi, yaani ukaguzi, usajili, leseni, na bima kwa aliye nayo. Mtu asiyekuwa na bima asiliruke hili la tano, kwa sababu siku ya ajali karatasi ndizo zinazosomwa kwanza.

Ile namba inasema nini

Lazima nikae kidogo hapa, maana ugomvi mwingi unatokana na namba hii kueleweka vibaya.

Boti ya kiwandani huwa na kibati kinachotaja idadi ya watu, uzito wa mzigo na nguvu ya juu ya mashine. Marekani kibati hicho ni lazima kwa boti nyingi za chini ya futi 20 zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa 1972. Boti zetu nyingi za mbao hazina kibati. Fundi alizijenga chini ya mti, akasema "hii weka kumi na tano", na neno lake likawa ndiyo kiwango. Lakini kanuni wanayotumia watengenezaji wa Marekani haina siri, na mtu mwenye futikamba anaweza kuifanya mwenyewe.

Pima kwa futi urefu wa boti na upana wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, kisha zidisha. Boti ya futi 16 yenye tezi ya futi 4 inatoa 64. Kama ina usukani wa gurudumu na ubao wake wa nyuma una kimo cha inchi 20 au zaidi, zidisha 64 kwa 2 halafu toa 90. Unapata 38, inayopandishwa hadi 40. Kama nahodha anashika mkono wa mashine, zidisha 64 kwa 0.8 na utoe 25. Unapata 26.2, inayopandishwa hadi 30. Na kama anashika mkono wa mashine na boti ina sakafu bapa yenye pembe kali ubavuni, chukua nusu ya 64 na utoe 15. Unapata 17, inayopandishwa hadi 20.

Zitazame hizo namba tena: 40, 30 na 20. Urefu ni uleule na upana ni uleule. Kilichobadilika ni mahali anapokaa mtu, namna anavyoongoza, na umbo la chini ya boti. Anayeshika mkono wa mashine amekaa nyuma kabisa, uzito wake umejumlishwa na wa mashine, na mashine ikivuta ghafla mkono wake ndio unaopokea. Kwa hiyo namba ile haipimi uimara wa mbao peke yake. Inapima boti pamoja na mtu wake.

Boti ndogo zina jedwali lao. Futi 14 kwa tezi ya futi 3 ni 42, na jibu lake ni farasi 7.5. Ikiwa ni ya sakafu bapa, inashuka hadi 5. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia. Boti zetu nyingi zimebanwa nyuma, na futi moja inayokosekana kwenye tezi inakula nguvu nyingi kuliko mmiliki anavyodhani. Kumbuka pia kwamba kanuni imetungiwa boti za kiwandani zenye mbao au faiba mpya. Kwa boti iliyokaa majini misimu sita, jibu lake lichukue kama dari, usilichukue kama ruhusa.

Njia ya kwanza: kufunga mashine inayozidi kiwango

*Mwendo na mzigo.* Hapa inategemea boti yako inapanda juu ya maji au inalima maji. Boti nyepesi yenye sehemu bapa chini, ikipewa nguvu ya kutosha, huinuka na kuteleza juu. Kwa boti ya namna hiyo mwendo hupanda kadiri ya kipeuo cha pili cha nguvu, kwa hiyo kutoka 15 kwenda 25 unapata ongezeko la karibu asilimia 29 ikiwa uzito haujabadilika. Uzito hubadilika, hivyo toa kidogo. Ongezeko hilo ni la kweli na sitaki kulipuuza. Faida kubwa zaidi iko kwa boti iliyobeba mzigo ambayo mashine ya 15 inashindwa kuinyanyua: inabaki pua juu na tezi chini, inanguruma haiendi. Nguvu kidogo zaidi ikiivusha pale, boti inalala na kuanza kukimbia.

Mtumbwi mrefu mwembamba unaolima maji ni habari nyingine. Mwendo wake unafungwa na urefu wake kwenye maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa futi, zidisha kwa 1.34, na unapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Futi 25 zinatoa noti 6.7, yaani kama kilomita 12 kwa saa. Ukiongeza farasi juu ya hapo unanunua wimbi. Pua inapanda, tezi inazama, mafuta yanakwisha, na jirani mwenye mashine ndogo bado anakuona.

*Mwili wa boti.* Hili ndilo lililotufunza sisi. Boti yetu ilikuwa ya 15 na tukaifunga 25 ya tustroki (injini ya mapigo mawili). Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya tatu binamu yangu akaanza kulalamika kwamba maji ya kuchota yameongezeka, tukasema ni kalafati ya zamani, ule uzi unaoziba maungio ya mbao. Siku tuliyoivuta nchi kavu nilipiga magoti nyuma yake nikaona mambo matatu. Pembeni, ubao wa nyuma unapokutana na ubao wa ubavu, palikuwa na ufa unaoingiza ukucha wa kidole gumba, na uzi wa kalafati ulikuwa umesukumwa nje ukining'inia. Washa za bolti zilikuwa zimezama ndani ya mbao, zimeacha vishimo vya duara. Na nilipobonyeza mbao chini ya bolti ya kushoto, kidole kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Tulimwita fundi wa zamani aliyeijenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mashine yako inasukuma nini?"

Nikamjibu inasukuma boti. Akapiga ule ubao kwa kiganja. "Inasukuma huu. Huu ndio unaosukuma boti."

Propela iko chini sana ya vibano vya mashine, kwa hiyo msukumo wake unafanya kazi kama mtaimbo: chini unasukuma mbele, juu unajaribu kuung'oa ubao kwa nyuma. Kila unapofungulia na kupunguza, mtaimbo unakwenda na kurudi. Uzito wenyewe nao umo. Mashine ya 15 ya tustroki ina karibu kilo 36, ya 25 inakaribia 50, ya 40 ina zaidi ya 70, na 40 ya fostroki (ya mapigo manne) inafika karibu kilo 100. Hiyo ni sawa na kumweka mtu mzima wa pili nyuma kabisa ya boti, asiyesogea hata maji yakichafuka.

Zipo familia za mashine ambamo 9.9 na 15 ni chuma kilekile, uzito uleule, tofauti ikiwa kwenye kabureta na vitu vidogo. Anayehama hapo haongezi uzito, anaongeza msukumo tu. Ni kuzidisha, lakini ni nafuu kuliko kurukia chuma kikubwa.

*Uendeshaji na usalama.* Hatari ambayo watu hawaitarajii haitokei ukiwa kasi. Inatokea unapopunguza. Boti inakimbia, nyuma yake linafuata wimbi lake yenyewe. Ukifunga mashine ghafla, boti inakaa chini, na lile wimbi linakufikia. Kama tezi imeshushwa na kilo zilizozidi, wimbi linapita juu ya ubao na kumwagika ndani, na kwenye boti ndogo ya mbao inatosha mara moja. Halafu kuna kuyumba: boti iliyopewa nguvu isiyo yake huanza kutikisika ubavu hadi ubavu ikifika mwendo fulani, na mkono wa mashine unavuta kiasi cha kumshinda mtu aliyechoka.

Mtera ina la ziada. Bwawa likijaa, uso wake huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni mita 690. Katikati ya namba hizo mbili kuna mita nane na nusu za miti iliyokufa imesimama. Kisiki ulichokipita juu mwezi wa Mei kinakusubiri Oktoba kikiwa kiganja kimoja chini ya maji. Nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo: mwendo ukipanda kwa asilimia 29, pigo linapanda kwa karibu theluthi mbili. Na viboko hawatoi ishara.

*Mafuta na fedha.* Mashine ya tustroki iliyofunguliwa mwisho hula karibu lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Ya 15 ni kama lita 6, ya 25 ni karibu 10, ya 40 ni 15 au zaidi. Tangi la lita 24 linalompeleka mwenye 15 saa nne linamwisha mwenye 40 katika muda wa saa moja na nusu hivi. Watetezi wa mashine kubwa wana jibu ambalo lina ukweli: 25 inayoendeshwa nusu, kwa mwendo uleule wa 15 iliyofunguliwa yote, haili zaidi sana, na inadumu kwa sababu haikamuliwi. Nakubali. Ila inataka mkono unaokubali kubaki nusu, na ukiwa na vijana wawili wanaopokezana boti, mmoja tu akikosa subira hesabu yako imevunjika.

*Karatasi.* Ukaguzi wa vyombo nchini uko chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na usajili na leseni za uvuvi unazipitia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Chombo kinakaguliwa kikiwa na mashine yake. Ukibadili mashine, nenda ukaeleze kabla, upate jibu kwa maandishi. Mwenye bima ajue kwamba mashine iliyozidi kibati ni sababu nyepesi ya kukataliwa madai.

*Inamfaa nani?* Mwenye boti pana, imara, yenye kiwango kilichokadiriwa chini kuliko hesabu inavyotoa, anayezidisha hatua moja na si tatu, anayeendesha mwenyewe, na aliyepata kibali cha mjenzi na mkaguzi. Watu wa namna hiyo wapo, sikatai, ingawa ni wachache kuliko wanaojiona hivyo.

Njia ya pili: kubaki na kiwango na kuitengeneza

*Mwendo na mzigo.* Usitarajie muujiza, lakini usiidharau pia. Tuanze na jambo ambalo watu wa pwani hawana sababu ya kulifikiria: sisi tuko juu. Mashine isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mtera, karibu na mita 700, mashine yako ya 15 ni kama 14. Hombolo, juu ya mita 1,000, inakaribia 13.5. Singida mjini, lilipo ziwa Singidani, kwenye mita 1,500 hivi, haifiki 13. Na propela iliyokuja na mashine imechaguliwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Ni kama baiskeli iliyowekwa gia nzito kisha ikaambiwa ipande Mlima Sekenke.

Propela ina namba mbili, kwa mfano 9¼ × 11. Ya kwanza ni upana, ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu. Kila inchi unayopunguza kwenye namba ya pili huipa mashine karibu mizunguko 150 hadi 200 zaidi kwa dakika. Yetu, baada ya kurudishiwa 15 na kupakiwa mzigo wa kawaida, ilikuwa inaishia 4,300, wakati kitabu kinataka kati ya 4,500 na 5,500. Tukaweka 9¼ × 9, ikafika karibu 4,700, na kwa mara ya kwanza boti ikalala ikiwa na samaki. Tulipima kwa kile kipimo kidogo ambacho waya wake unauzungushia waya wa plagi.

Yapo mengine yasiyogharimu chochote. Sogeza tangi na masanduku ya samaki mbele hadi boti ikae sawa. Chota maji yote, maana ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20 unazozibeba bure. Kwangua ukoga wa chini. Tazama lile bapa lililo juu ya propela: linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Likishuka sana mashine inaburuta, likipanda propela inakamata hewa na kulia bila kusukuma. Sogeza pini ya mwinamo tundu moja ndani uone kama pua inashuka.

*Mwili wa boti.* Hakuna kinachoongezwa, kwa hiyo ubao unaendelea na maisha yake. Kagua bolti tu.

*Uendeshaji na usalama.* Palepale ulipozoea. Tatizo linalobaki ni lile la upepo wa mchana: boti ndogo ni ndogo, na propela nzuri haikuongezei kimo cha ubavu. Ukivua mbali bado unalazimika kuondoka mapema na kurudi kabla ya saa sita.

*Mafuta na fedha.* Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na mara nyingi mafuta hupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa mashine inafanya kazi pale ilipoundwa ifanyie.

*Karatasi.* Hazibadiliki.

*Inamfaa nani?* Mwenye mashine ambayo zamani ilikuwa inavuta na sasa haivuti, aliyenunua mashine pwani akaileta bara, na yeyote ambaye hajawahi kupima mizunguko. Haimfai mwenye mzigo mkubwa kweli kila siku. Huyo atarekebisha mpaka mwisho na bado atabaki pale.

Njia ya tatu: kubadili boti ili kiwango kipande

Nianze na onyo, kwa sababu kosa hili nimeliona mara nyingi. Kubandika ubao mnene nyuma si kubadili boti. Unaondoa hatari moja, ya ubao kung'oka, na kuacha zile nyingine zote. Tezi bado ni ya futi 3, bado inazama, wimbi bado linapita juu. Kubadili kwa maana ninayoisema ni kupanua tezi, kuinua kimo cha ubao wa nyuma, kuweka mataruma na viwiko (mbao za ndani za kushikilia) vinavyougawa msukumo hadi kwenye mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, na mbavu, au kujenga boti mpya yenye vipimo vya mashine unayoitaka.

*Mwendo na mzigo.* Hapa unapata vyote viwili. Jirani yetu alitoka boti ya futi 15 akajenga ya futi 18 yenye tezi ya futi 4 na nusu. Fanya hesabu: 81, kwa mkono wa mashine ni 39.8, yaani 40. Amefunga 25, akajiachia nafasi. Anabeba zaidi yetu na mawimbi ya mchana anayapita akiwa ametulia, kwa sababu urefu na upana ndivyo vinavyolaza boti. Nguvu inakuja baadaye.

*Mwili wa boti.* Ukimpata fundi mzuri na mbao kavu, utatulia kwa miaka. Ukikubali mbao mbichi kwa haraka, zitakauka na kufunguka msimu wa kwanza.

*Uendeshaji na usalama.* Bora kuliko njia nyingine zote kwenye maji mazito. Lakini bwawa likishuka, mwalo unarudi nyuma mamia ya mita, na boti kubwa inakwama matopeni ambako ndogo inasukumwa na watu wawili. Jirani yetu mwezi wa Novemba huita watu sita.

*Mafuta na fedha.* Ni gharama kubwa kwa mkupuo mmoja, na wiki kadhaa bila kuvua. Hilo la pili watu husahau kulihesabu.

*Karatasi.* Chombo kipya au kilichobadilishwa vipimo kinaanza upya: ukaguzi, usajili, leseni. Faida yake ni kwamba ukimaliza, mashine na boti vinasomeka sawa mbele ya yeyote.

*Inamfaa nani?* Mwenye kazi inayokua, anayevuka mbali, anayebeba watu, au ambaye boti yake ya sasa imeshachoka na ingehitaji matengenezo makubwa hata hivyo.

Wengine hunijia na njia ya nne, kufunga mashine mbili ndogo. Kwa kibati zinahesabiwa jumla, na kwa tezi kilo zinajumlishwa vilevile. Unachopata ni akiba ya kurudia moja ikizima, na kwa anayekwenda mbali akiba hiyo ina thamani. Ila jumla ikizidi kiwango, umerudi kwenye njia ya kwanza.

Kulingana na hali yako

Kama ulikuwa unakwenda vizuri mwaka jana na mwaka huu huendi, usinunue mashine. Pima mizunguko, safisha kabureta, angalia propela kama haijapinda kwa visiki, kwangua chini. Uko kwenye njia ya pili na huenda ukamaliza jioni moja.

Kama unavua Hombolo, bwawa ni dogo na safari ni fupi. Dakika unazookoa kwa mashine kubwa hazilipi mafuta yake. Tengeneza propela kwa ajili ya mwinuko.

Kama uko Singidani, utasikia hoja kwamba kwa kuwa mashine inapoteza asilimia 15, unaweza kufunga inayozidi hatua moja na ukawa ndani ya kiwango. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi: msukumo wa 25 kule ni kama wa 21. Nusu nyingine haiko sahihi, kwa sababu kilo 50 ni kilo 50 hata mlimani, na kibati kinasoma namba iliyoandikwa kwenye mashine. Kama boti yako ni ya 20 na tezi yake ni pana, zungumza na mjenzi na mkaguzi. Kama ni ya sakafu bapa na nyembamba nyuma, baki na 20.

Kama una mtumbwi mrefu unaolima maji, njia ya kwanza haikupi kitu. Chagua kati ya pili na tatu kwa kuangalia mfuko.

Kama unapakia watu wa kuvuka, watoto na mama zao na magunia yao, hapo msimamo wangu ni mmoja: usizidishe. Njia ya tatu, au safari mbili badala ya moja, na kila aliyepanda avae jaketi la kuokolea.

Kama mzigo ni mkubwa na fedha ya boti mpya haijapatikana, tumia ya pili msimu huu huku ukiweka akiba kwa ajili ya ya tatu. Ndivyo tunavyofanya mimi na binamu yangu sasa. Mbao tumeshazinunua, zinakaukia kivulini nyuma ya nyumba yake.

Na kama umeshafunga mashine iliyozidi, au umeamua utafunga, ifanyie jaribio kabla hujaipa kazi. Chagua asubuhi isiyo na upepo, maji ya wazi yasiyo na visiki, watu wawili, majaketi yamefungwa, kamba ya kuzimia mashine iko mkononi mwa anayeendesha. Kwanza simama tuli, mashine imezimwa, anayeendesha amekaa mahali pake, na upime kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa chini kabisa wa ubao wa nyuma. Kama kiganja chako kikisimama wima hakitoshei hapo, rudi nchi kavu. Kikitosha, nenda nusu mwendo, punguza taratibu, uangalie wimbi la nyuma linafika wapi kwenye ubao. Rudia mara tatu ukiongeza kidogo kidogo, na mara ya kwanza linapolamba ukingo, hapo ndipo mwisho wa mwendo wako. Ukirudi mwaloni, ivute boti juu, piga magoti nyuma yake na upitishe ukucha kwenye pembe zote mbili za ubao. Fanya hivyo kila Jumapili kwa mwezi mzima.